Kuku wa Mbao

Ras Kisimani, Mafia
Mwezi 2 Mfunguo Nane, mwaka 1330 wa Hijra

Mke wangu Kidawa binti Shaibu,

Salamu kwanza, kisha habari, maana najua umekaa na mawazo tangu waliponichukua. Mimi mzima. Nimefungiwa katika ghala la Bwana, Mzungu wetu wa shamba, kati ya mbata za nazi kavu, hapa karibu na magofu ya mji wa kale, na mlangoni kuna walinzi wenye bunduki. Chakula napata. Somoe, yule binti wa Baleni aliyeolewa na mlinzi mmojawapo, ndiye atupikiaye, naye ndiye atakayebeba barua zetu. Ukiwa na barua mpe mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine amfikishie, hata awe amesoma nawe chuo kimoja.

Sasa sikiliza alivyosema Bwana kabla hajapanda meli kwenda Dar es Salaam kutibiwa homa zake. Amesema yale mayai ya kuku ya kwanza aliyoyaleta kutoka kwao hayakufa yenyewe. Anasema niliyaua mimi, ama kwa uvivu ama kwa chuki, na lipi kati ya hayo hataki kujua. Haya ya pili, yaliyo nyumbani kwetu tangu juzi ndani ya lile sanduku lake la kuangulia kwa joto la taa, ndiyo yatakayoamua. Akirudi mwisho wa mwezi akakuta vifaranga, nakuja zangu nyumbani. Akikuta uozo, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya mgongoni, kisha mnyororo, nipelekwe bara kukata mkonge. Wewe niambie ni nani tuliyemwona akirudi kutoka huko. Mama yangu usimwambie habari ya kiboko, wala usimwambie mtu yeyote, maana Baleni neno halilali. Kifua cha Mama hakitaweza.

Basi sanduku sasa ni lako. Taa yake isizimike. Utambi ukate kila asubuhi, la sivyo utatoa moshi na joto litashuka. Kile kioo cha zebaki cha kupimia joto, kinacholala juu ya mayai, ukisome kila upatapo nafasi: zebaki isimame kwenye wino mwekundu aliouweka Bwana, thelathini na tisa na nusu kwa hesabu yao. Ikipita arubaini, fungua kitundu cha ubavuni, kwa sababu moto uliozidi huua upesi kuliko baridi. Ikishuka, ziba kitundu na ukuze utambi kidogo, kidogo sana. Mayai nimeyatia alama ya makaa upande mmoja. Asubuhi alama iwe juu, jioni iwe chini, na uyageuze kwa mkono mkavu usio na mafuta.

Habari ya maji nitakuandikia baadaye. Hapo ndipo penye shaka yangu.

Mumeo,
Iddi bin Kombo


Baleni
Mwezi 4 Mfunguo Nane

Mume wangu Iddi,

Barua yako nimeisoma nimekaa kando ya sanduku. Naogopa. Nakuandikia waziwazi kwa kuwa uso wangu huuoni na karatasi haisikiki kwa jirani. Nikiwa jikoni nadhani taa imezimika, nakwenda mbio naikuta inawaka. Nikirudi jikoni nadhani sasa inawaka mno. Wali wangu umeungua mara mbili na Mama amekula bila kusema neno, nawe unajua Mama kunyamaza juu ya wali ulioungua si jambo dogo.

Amekubali sanduku likae chumbani kwake, kile cha ndani kisicho na dirisha, kwani joto la humo halibadiliki. Amelipa jina, analiita Kuku wa Mbao. Anasema kuku huyu ana sifa moja njema, hanyi ndani. Lakini pia anasema hajapata kuona kisicho na moyo kikazaa chenye moyo, na akishasema hivyo husoma Kulhuwallahu na kulipulizia. Hajui kwa nini umeshikwa. Nimemwambia Bwana amekupa kazi ya kuhesabu nazi huko Kisimani. Akanitazama, akaniuliza kama nazi za Kisimani zina miguu hata zihesabiwe mwezi mzima.

Jana alikuja Abeid, nyapara wa shamba la Bwana. Aliinama akachungulia, akalikuta lile sinia la mchanga chini ya mayai ni kavu. Akauliza maji yako wapi. Nikamwambia hukunieleza. Akasema, "Kitabu cha Bwana kinataka sinia lilowe kila siku. Nikilikuta kavu tena sina budi kumwambia, bibie." Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Alipotoka nikatia maji. Nimekosea? Niambie upesi, Iddi. Kosa litakuwa la mkono wangu na kiboko kitakuwa cha mgongo wako, na nikilifikiria hilo usingizi hauji.

Mama akusalimu. Anasema ule sana, na ukikosa kitoweo ulie chumvi lakini ule.

Mkeo,
Kidawa


Ras Kisimani
Mwezi 6 Mfunguo Nane

Mke wangu Kidawa,

Ondoa yale maji leo hii.

Nikueleze sababu, ili usidhani nakutia katika hatari kwa ubishi tu. Yale mayai ya kwanza nilipoyapasua, vifaranga walikuwa wamekamilika, manyoya na kucha na kila kitu. Walikuwa wamelowa chapachapa ndani ya ganda, kama waliozama. Na sinia lilikuwa limejaa kila siku, vile kitabu kisemavyo. Sasa mimi nawaza hivi: huku ni masika, nguo ukiianika asubuhi jioni ni mbichi vilevile, chumvi imegeuka maji chunguni. Hewa yenyewe inatia maji. Tukiongeza na ya sinia, yai litatoa wapi unyevu wake? Haya ni mawazo yangu tu. Huenda nimekosea, na kama nimekosea ndio mwisho wetu.

Kwa hiyo usiniamini mimi, liamini yai lenyewe. Funga mlango giza liingie, lishike yai mbele ya taa, ulizingire kwa vidole. Upande ule mnene utaona nafasi tupu, mfano wa mwezi mwandamo. Zungushia mstari wa makaa pale inapoishia. Baada ya siku chache tazama tena. Ikiwa nafasi imekua kidogo, mambo ni sawa. Ikiwa haijasogea, hewa ina maji mno. Ikiwa imekua kwa pupa, yai linakauka, na hapo ndipo umimine maji mchangani, kiasi cha kikombe. Yai utakaloliona jeupe tupu, halina mshipa hata mmoja, litoe, kwani litaoza na kupasukia wenzake.

Na Abeid? Ana kikohozi cha tumbaku, utamsikia tangu kwenye minazi. Ukimsikia, mimina. Akiondoka, mwaga na ubadilishe mchanga. Namwomba Mungu nyapara asije siku kikohozi kimepona.

Umesema Mama amenyamaza juu ya wali. Kifua chake kikoje? Usinifiche.

Iddi bin Kombo


Baleni
Mwezi 11 Mfunguo Nane

Dada yangu Biubwa, shikamoo.

Nimepata habari kwamba umejifungua salama, hongera sana. Ningekuwa na miguu yangu mwenyewe ningekuja Kilindoni kukukanda na kukufulia. Lakini miguu yangu imefungwa kwenye sanduku la Bwana, na sababu yake nitakwambia wewe peke yako: vifaranga wasipotoka, Iddi atapigwa hamsa ishirini na kupelekwa bara kwa mnyororo. Hapa Baleni hakuna anayejua.

Unamkumbuka Hamdu mkwezi? Alipigwa zile zile, mgongo ukatunga usaha, tukamzika kabla mwezi haujaisha. Na Hamdu alikuwa na mwili mara mbili wa Iddi. Kila nikigeuza yai namwona Hamdu.

Sasa limeongezeka jingine, nalo siwezi kumwandikia Iddi. Mama mkwe wangu anaondoka. Kifua kimembana tangu Ijumaa, anahema kama aliyetoka juu ya mnazi. Mwalimu amemwandikia kombe la aya za Kurani, amelinywa, hakuna nafuu. Iddi ameniuliza hali yake nami nimejibu kwamba ana mafua. Ni mtoto wake wa pekee, dada. Nikimwambia kweli hatangoja, namjua, atabomoa ukuta aje, na wale walinzi hawakupewa bunduki wafukuzie kunguru. Nisipomwambia, na Mama akafa hajamwona, atanisamehe lini?

Mayai yanakwenda. Wiki iliyopita niliyatazama kwa taa nikaona ndani kitu kama buibui mwekundu, na katikati yake nukta inadunda. Nililia. Haikuwa furaha. Mpaka siku ile nilikuwa naogopa kuharibu mayai, na tangu siku ile naogopa kuua.

Nishauri. Nitafanya utakavyosema, maana mimi akili yangu imekwisha.

Mdogo wako,
Kidawa


Kilindoni
Mwezi 13 Mfunguo Nane

Mdogo wangu Kidawa,

Marahaba. Mtoto mzima, ananyonya kama anayelipwa. Mimi bado niko ndani, arubaini haijatoka, la sivyo ningekuja hata kwa kutambaa.

Wewe tangu utoto ukisikia ngurumo ulikuwa unajificha chini ya kitanda, kisha unaanza kuogopa kitanda. Lakini safari hii sikucheki. Hili ni la kuogopa kweli, na mimi nimesoma barua yako mara mbili na maziwa yamekatika.

Ushauri wangu ni huu. Usimwambie. Mtu aliye nje ya kifungo ukimpa habari ya ugonjwa anakwenda kwa mgonjwa. Aliye ndani ukimpa, unampa kamba tu. Ukweli hauozi kama yai, Kidawa, utamngoja mpaka atoke. Dhambi ya kumficha tugawane, nusu nibebeshe mimi, nina nafasi. Mzee wa watu mtunze, mpe uji mwepesi, mkande kifua kwa mafuta ya moto, na ukichoka muite shangazi yake Iddi, yule Bi Mwanahalima. Ana maneno mengi lakini mikono yake ni mizuri.

Dada yako,
Biubwa


Baleni
Mwezi 15 Mfunguo Nane

Mume wangu Iddi,

Sisi wazima, alhamdulillahi. Kuku wa Mbao anaendelea, zebaki iko kwenye wino. Mama akusalimu sana, anasema usiache kula. Amelala, ndiyo sababu siandiki maneno yake mengi. Mvua ni kubwa.

Barua hii ni fupi kwa sababu nina wageni.

Mkeo,
Kidawa


Baleni
Mwezi 15 Mfunguo Nane

Dada yangu Biubwa,

Mama amefariki alfajiri ya leo. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nilikuwa namshika mgongo anywe maji. Akaniuliza kama mayai yameshageuzwa, nikamwambia bado, akasema, "Yageuze basi, mimi nakungoja." Nilipogeuka kwake alikuwa hakuningoja.

Wamekwisha kumzika, mchana huu, kwenye mvua. Nimetoka kumwandikia Iddi kwamba mama yake amelala. Mkono huu huu.

Lakini sikiliza lililonipata, maana nikikaa nalo nitapasuka. Mama ilibidi aoshwe chumbani mwake, na chumbani mwake ndimo lilimo sanduku. Shangazi Mwanahalima alifika, akaliona linawaka, akaipuliza taa, ikazimika. Akaniambia kwa upole tu kwamba nyumba ya msiba haiwashi moto wake, majirani ndio wapikao mpaka matanga yaanuliwe, seuze moto wa Mzungu miguuni pa maiti. Kisha wanaume wawili wakalibeba sanduku na mayai yamo ndani, wakaliweka ukumbini, kwenye upepo.

Ningemwambia nini? Kwamba wifi yako amelala hapa hajaoshwa nami nalilia mayai? Siri ile ilikuwa yangu na Iddi na wewe.

Nikaingia ukumbini nikajifunika, nikayafunga mengi kadiri nilivyoweza ndani ya kanga, tumboni na chini ya matiti, juu yake nikavaa kaniki nyeusi ya msiba. Yaliyobaki niliyakusanya pamoja sandukuni nikayafunika kwa mablangeti. Nikarudi kukaa na wenzangu. Dada, sikumlilia. Wanawake walijitupa chini, mimi nilikaa wima kama mtu aliyemeza mwiko. Nisingeweza kuinama. Nisingeweza kuguta, kwani kila kilio kilikuwa kinanibana tumbo na nikisikia maganda yanagusana. Yule aliyenipenda kuliko mama mzazi amebebwa mbele yangu na macho yangu makavu.

Wamesema, na nimewasikia. Mmoja amesema mkwe hana machozi. Mwingine amesema tangu sanduku lile liingie humu ndani bibi wa watu hakuinuka tena, na kwamba kisicho na moyo lazima kitafute moyo mahali. Sasa wananitazama tumbo.

Bado nimeyafunga nikiandika. Sijui kama yako hai. Naogopa kuyatazama.

Kidawa


Ras Kisimani
Mwezi 15 Mfunguo Nane, jioni

Mke wangu Kidawa,

Leo nimekaa nikiwaza mambo yanayoweza kuipata nyumba yoyote, nikaona bora nikuandikie moja. Ni mfano tu.

Chukulia nyumba imejaa watu, kwa jambo lolote lile, na mtu mzima akaizima taa kwa heshima zake. Usigombane naye. Na mayai yakipoa usiyatupe, kwani kifaranga wa umri huu ana joto lake mwenyewe na huvumilia. Yaweke mwilini, yakauke, yagusane, wala usilalie ubavu. Ukitaka kujua joto na kioo huna, liweke yai kwenye kope la jicho. Likikuchoma limezidi. Likikupa ubaridi, bado. Ukiona kama hakuna kitu kilichokugusa, limekuwa sawa na wewe, na joto lako si haba, linaweza kuwashikilia mpaka moto upatikane.

Sanduku usilirudishe penye watu. Lipeleke kibanda cha nyuma chenye ukuta wa udongo, kisichopitwa na upepo. Washa taa ndogo likiwa tupu, mpaka zebaki ifike kwenye wino, ndipo uyarudishe mayai. Usiwapandishie joto mbio kwa hofu. Yai baridi likikutana na moto mkali ndipo linapokufa.

Na katika mfano huo, ukimwona mtu mzima wa kuaminiwa, mwambie habari ya kiboko. Siri niliyokutwika imekuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Jambo la mwisho, hili si mfano. Zikibaki siku tatu, acha kugeuza, na hapo sasa ulowanishe mchanga kweli kweli, kwa maji ya vuguvugu. Kifaranga akianza kutoboa, hewa ikiwa kavu ile ngozi ya ndani humganda kama gundi akafia mlangoni. Usifungue sanduku hata ukisikia sauti. Kufungua ndiko kunakokausha.

Mama apumzike. Asiinuke tena kwa ajili ya taa.

Somoe ana haraka.

Iddi bin Kombo


Baleni
Mwezi 19 Mfunguo Nane

Dada yangu Biubwa,

Barua ya Iddi ilinifikia mchana wa siku ya pili ya msiba. Niliisoma, nikairudia tena. Ameandika mfano wa nyumba iliyojaa watu na mtu mzima aliyezima taa. Amejuaje? Najiambia kwamba ni akili yake tu, kwamba amekumbuka harusi ya mwaka juzi tulipolala mpaka varandani. Hajui, kwa sababu mwisho ameandika Mama apumzike, na mtu hamwombei mapumziko ya hivyo asiyekuwapo tena duniani. Nimeshikilia hapo.

Nilifanya alivyosema. Nilimvuta shangazi nyuma ya nyumba nikamwambia yote, kiboko na mnyororo na mayai yaliyo tumboni mwangu. Alikaa chini kwenye tope na nguo zake za msiba. Akaniuliza, "Na jana ulinyamaza kwa nini, mwanangu?" Akainuka, akaichukua taa akaificha ndani ya kanga yake, tukapita katikati ya waombolezaji mpaka kibandani, naye ndiye aliyeiwasha. Tangu siku hiyo anakaa mlangoni pa kibanda, anamwambia kila anayepita kwamba humo ameweka vyombo vya marehemu.

Nimeyatazama kwa taa. Mengine ni meusi na yametulia, hayana dalili. Mengine nimeona yanatikisika. Mengine sijui, na haya nisiyoyajua ndiyo yanayonitesa.

Abeid alikuja kutoa mkono wa pole. Akanong'ona kwamba amesikia taa ilizimika, na kwamba meli ya Bwana inatarajiwa mapema. Nikamwonyesha sanduku. Mchanga ulikuwa umelowa, maana siku zake zimefika, kwa hiyo sikuhitaji kumdanganya. Aliinama akaangalia kioo cha mbele cha sanduku kinavyotiririka jasho, kisha akasema yeye hana la kumwambia Bwana mpaka aone kilichotoka. Sijui alinionea huruma au alikuwa anajilinda. Naomba dua, dada. Hakuna tena ninaloweza kufanya kwa mikono, na mikono ikikaa bure hofu inapata nafasi yote.

Kidawa


Baleni
Mwezi 22 Mfunguo Nane

Mume wangu Iddi,

Wametoka.

Juzi baada ya alasiri nilisikia mlio mdogo, nikadhani ni panya. Nikaweka sikio kwenye ubao, ukatoka tena, halafu wa pili ukaujibu. Nilitaka kufungua, nikakumbuka neno lako, nikakalia mikono. Jana kutwa walikuwa wanatoboa. Wapo waliotoboa wakachoka wakafa, na wapo ambao maganda yao yako mazima mpaka sasa na najua hawaji. Zaidi ya nusu wamesimama. Ni weupe, wana miguu mikubwa isiyolingana nao, wanakanyagana kama watu wa sokoni.

Abeid amekuja na tenga leo asubuhi, akawapanga juu ya pamba, anawaleta huko. Nilimuuliza kama wanatosha. Alisema hajui Bwana anahesabu vipi. Iddi, na kama hawatoshi? Nimeyafukia yaliyokufa nyuma ya kibanda ili mtu asiyahesabu.

Sitakula mpaka nisikie kutoka kwako. Mama akusalimu.

Mkeo,
Kidawa


Ras Kisimani
Mwezi 26 Mfunguo Nane

Mke wangu Kidawa,

Kula. Bwana alishuka jana, akalifungua tenga, akawashika mmoja mmoja na kucheka. Kisha akanionyesha njia kwa kidole, nikajua nimeachiwa. Habari ya mayai ya kwanza hakuitaja. Amesema sanduku limethibitika, na mayai mengine yatakuja kwa meli ijayo, yaletwe kwetu tena. Hilo tutaliogopa likifika.

Nakuja kesho, kwa miguu, polepole. Barua hii naitanguliza kwa sababu kuna mambo mawili nataka uyasikie kabla hujaniona, yasije yakakushtua mbele za watu.

La Mama nalijua. Yule aliyetumwa kutangaza msiba alifika huku mchana wa siku ileile, akasimama nje ya ghala akamwambia mlinzi, nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kisiwa hiki, Kidawa, nani azuie habari ya kifo? Nilisimama niuvunje mlango nije. Halafu nikamkumbuka shangazi, nikaona kwa macho yangu atakavyoifanya ile taa, nikamwomba Somoe karatasi. Nilimswalia Mama humu, peke yangu, katikati ya mbata. Barua yako ya kuniambia amelala niliipata kesho yake, herufi zinakimbiana. Nikajua ukifahamu kwamba najua, utavunjika, na mayai yako tumboni mwako. Sina kinyongo na wewe. Mungu akulipe kwa kuwa ulikuwapo.

La pili ni langu mimi, na hili wewe hulijui. Hamsa ishirini nilikwisha kupigwa. Nilipigwa siku ya kwanza, kwa mayai ya kwanza, kabla Bwana hajapanda meli. Barua yangu ya kwanza niliiandika nimelala kifudifudi. Haya mayai yako yameniokoa na hamsa ishirini ya pili, ambayo nisingeivuka, na mnyororo. Sikukwambia kwa sababu nilikuhitaji uogope la mbele. Ungelilia la nyuma, taa ingezimika. Somoe amekuwa akinipaka mafuta ya nazi, lakini bado kuna mahali hapajafunga.

Nitapita makaburini kwanza, kisha nije kwa njia ya nyuma, jua likishatua, watu wasione ninavyotembea. Usitoke kunipokea. Mwambie shangazi achemshe maji ya chumvi ayaache yapoe, nawe nitandikie mkeka chini. Kitandani bado siwezi.

Mumeo,
Iddi bin Kombo